Mizunguko Miwili ya Nati

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumapili, gari la Kym Schirmer, Monaro ya njano, lilikuwa limekaa juu ya kreti nne za maziwa mbele ya nyumba yake kule Craigmore. Magurudumu yote manne hayakuwepo.

Dakika naijua kwa sababu ndipo aliponipigia simu.

"Glyn," alisema, "njoo uone walivyonivua suruali."

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, mambo yalipofika ni hapa. Mimi ni Glynis Pascoe, msimamizi wa karakana ya tairi kwenye mji wa Elizabeth, na kazi hiyo nina miaka kumi na tisa nayo. Wiki tatu kabla ya Jumapili hiyo niliifungia Monaro ya Kym nati za kufuli, moja kwa kila gurudumu. Nati ya kufuli haifunguki kwa spana ya kawaida. Ina ufunguo wake, kichuma cha ukubwa wa kidole gumba chenye ua lililochongwa ndani linaloingiana na ua la nati, na kila ufunguo una namba. Wa Kym ulikuwa 4417.

Kanuni ya karakana niliitunga mwenyewe: ufunguo wa nati hauachwi ndani ya gari, unakabidhiwa mkononi mwa mteja, kisha unaweka alama kwenye kadi ya kazi. Siku ile nilianza na alama. Ufunguo ulibaki kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yangu, nikaukuta jioni nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya kufulia.

Nilikuwa na namba ya simu ya Kym. Sikupiga.

Sababu ilikuwa Bishnu Khatiwada, fundi wangu bora. Mwezi Machi yeye naye alisahau ufunguo wa mteja juu ya meza ya kazi. Aligundua ndani ya dakika moja, akalikimbilia lile gari kwa miguu hadi kwenye taa za barabara kuu, akamgongea mwenye gari dirisha, akaukabidhi. Alirudi anahema, akaniambia mwenyewe. Nilimwandikia onyo. Nilimwambia kwamba kosa ni kosa hata likidumu dakika moja.

Langu lilikuwa limedumu saa nane tayari. Nikautia ufunguo kwenye kopo la chai juu ya friji, nikisema nitaurudisha kesho. Kesho zilifika ishirini na moja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoegesha gari Craigmore.

Kym alikuwa uani na viatu vyake vya manyoya na kaptula ya kulalia. Ni mtu wa miaka sitini na sita. Ile Monaro aliinunua ikiwa mpya, akamzika mkewe akiwa nayo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa kwenye usukani wake ila sisi wa karakana.

Jirani yake Val alikuwa ameegemea uzio na kikombe cha chai.

"Hizo kreti ni za duka la pale kona, Kym," alisema. "Ukimaliza uzirudishe."

"Nikimaliza nini, Val?"

"Kuzikalia."

"Nenda ndani, Val."

Val hakwenda. Nilipiga magoti kando ya gari.

Nilichokiona ni hiki. Mwili wa gari haukuwa na mkwaruzo. Kila kitovu cha gurudumu kina boliti tano, na kwenye kila boliti kulikuwa na nati yake imerudishwa. Ishirini zote: kumi na sita za kawaida na nne za kufuli. Nati za kufuli hazikuwa na alama ya patasi wala ya nyundo, ua la kila moja safi kama siku nilipozifunga.

Niliigusa moja. Ilikuwa imezungushwa kwa vidole, mizunguko miwili kamili, ikaachwa hapo.

"Unaona nini?" Kym aliuliza.

"Wamefungua kwa ufunguo," nikasema.

"Ufunguo upi? Huo wa nati? Si upo garini?"

"Umewahi kuuona garini?"

Alifungua buti, akainua zulia, akatoa tairi ya akiba. Akafungua dashibodi, akamwaga vitabu na miwani ya marehemu mkewe juu ya kiti. Ufunguo haukuwepo. Alibaki ameshika miwani ile.

"Wewe uliweka alama," alisema. "Kadi ninayo. Imeandikwa ufunguo umekabidhiwa, na mimi nikatia sahihi bila kusoma. Nani anasoma? Yule kijana wenu, Bish, ndiye aliyelileta gari hadi barabarani akanipa funguo za gari. Alinipa na huo wa nati? Sikumbuki, Glyn. Niambie wewe."

Kulikuwa na jibu moja la kweli na lilikuwa fupi.

"Kesho nitaangalia kumbukumbu," nikasema.

Sasa kuhusu ile mizunguko miwili. Mafundi wengi wakifungua gurudumu hutupa nati kwenye sahani ya sumaku, na wengine huziacha chini. Mimi baba yangu alinifundisha kuzirudisha kwenye boliti, mizunguko miwili kwa vidole, ili isipotee hata moja na isichukue mchanga. Pale karakanani wananicheka kwa hilo. Katika miaka yote hiyo wameniiga watu wawili tu. Mmoja ni Bishnu. Mwingine ni mdogo wangu Errol, aliyefanya kazi kwetu miaka miwili kabla hajafungwa kwa mambo ya vipuri vya watu, na ambaye tangu atoke anaishi kwenye banda la nyuma ya nyumba yangu.

Nilirudi nyumbani. Saa moja na dakika ishirini na tano nililishusha kopo la chai kutoka juu ya friji. Lilikuwa tupu.

Pikapu ya Errol haikuwepo uani. Simu yake ilikuwa imezimwa.

*

Jumatatu saa moja na nusu, Lindsay, mwenye karakana, alituita ofisini mimi na Bishnu. Juu ya meza kulikuwa na kadi ya kazi ya Kym, simu yenye picha za gari lake, na karatasi moja niliyoitambua kabla sijaisoma. Ilikuwa onyo la mwezi Machi, kwa mwandiko wangu.

Lindsay si mtu mbaya. Ni mtu anayependa jambo liishe.

"Kym kanipigia mara nne," alisema. "Polisi wamezipiga picha kreti zake na kumpa namba ya jalada, basi. Yeye hataki namba ya jalada. Anataka jina. Asipolipata anakwenda kulisema hili mbele ya klabu nzima ya wenye Monaro Jumapili ijayo, na klabu ile ndiyo nusu ya kazi yetu." Akasukuma simu katikati ya meza. "Tazameni hizi nati. Nani hapa anarudisha nati namna hii?"

"Mimi," Bishnu alisema mara moja. "Na Didi."

Didi ni neno lao la dada mkubwa. Bishnu alizaliwa kambini Nepal kwa wazazi waliofukuzwa Bhutan, na tangu wiki yake ya kwanza kwetu hajawahi kuniita kwa jina lingine.

"Glyn simuulizi," Lindsay alisema. "Bish, ufunguo uliupeleka wapi?"

"Mimi nilitoa gari nje tu, bosi. Nati alifunga Didi."

Wote wawili wakanigeukia.

"Glyn? Ulimpa nani?"

"Kadi ina alama," nikasema.

"Najua ina alama. Nauliza ulimpa nani."

"Bishnu ndiye aliyelitoa gari."

Hizo ni sentensi mbili na zote ni za kweli. Nimezirudia mara nyingi tangu siku ile nikitafuta neno moja la uongo ndani yake, na halimo. Ndivyo nilivyomfukuzisha kazi.

Lindsay aliligonga lile onyo kwa kidole. "Mwezi Machi ufunguo. Sasa tena ufunguo. Nikifikiri ulisahau, najidanganya. Nikifikiri uliuza, sitaki kufikiri. Nenda nyumbani, Bish. Nitakupitia jioni."

"Bosi, mimi sikuiba gurudumu la mtu."

"Sijasema umeiba."

"Umesema hutaki kufikiri."

"Nenda nyumbani, rafiki yangu."

Saa nne, wakati wa chai, Bishnu alikuwa bado hajaondoka. Nilimkuta nyuma ya karakana amekaa juu ya tairi la trekta, mkate wake wa soseji umefungwa vilevile. Nilijua amekaa ili anisubiri.

Nilijiandaa anishambulie. Jibu nilikuwa nalo tayari.

"Didi," alisema, "nisaidie kukumbuka. Siku ile ulinipa mkononi, au uliuweka kwenye kile kikombe cha katikati, karibu na gia?"

Sikulitarajia hilo.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi sikumbuki kuuona. Lakini wewe umeweka alama. Nimefanya kazi na wewe miaka sita, sijaona alama yako ikakosea. Kwa hiyo ulinipa. Nami sikumpa mzee Kym. Labda ulianguka pale barabarani, mtu akauokota akamfuata." Alijisugua uso. "Jana bosi kanipigia simu akiulizia ufunguo, na usiku mke wangu kageuza mifuko ya suruali zangu zote. Tumetafuta mpaka kwenye viatu. Mama kaniuliza, 'Wewe umekuwa mlevi bila sisi kujua?'"

"Bishnu."

"Tarehe kumi na saba ndiyo kiapo chetu cha uraia, Didi. Mimi, mama na mke wangu Sabitra. Mama amenunua sari. Polisi wakiniandika sasa..." Aliugeuza ule mkate mkononi. "Ulinipa mkononi?"

Ningeweza kusema wakati ule. Hakuna aliyekuwepo. Lindsay alikuwa kwenye simu, spana za upepo zilikuwa kimya, na yeye mwenyewe alikuwa amenifungulia mlango. Ninachojua ni kwamba nilimtazama mtu mwenye akili timamu akikana macho yake mwenyewe kwa sababu ya kistari changu cha wino, na nikasema:

"Mimi pia sikumbuki vizuri."

Huo ulikuwa uongo. Wa kwanza wa maneno, kama tunahesabu.

Aliinuka, akanipa ule mkate. "Kula wewe. Kwangu haupiti."

*

Errol alirudi siku hiyohiyo saa kumi na moja kasorobo. Alinawa mikono kwenye bomba la uani, akaingia jikoni, akafungua friji kana kwamba hakuna siku mbili zilizopita.

"Kopo la chai liko tupu," nikasema.

"Kuna vifuko vya chai kabatini."

"Errol."

"Aa," alisema. "Kopo lile."

Akafunga friji. Ana miaka arobaini na saba na bado akikamatwa hukuna shingo kama alipokuwa na saba.

"Magurudumu yako wapi?"

"Ukweli unautaka? Maana wewe ukijua kitu unakiandika."

"Yako wapi?"

"Hayapo. Yamekwenda Jumapili mchana, mbali, kwa mtu ambaye simjui jina na sitaki kumjua. Hayarudi, Glyn. Usiniulize tena hilo."

"Ulizirudisha nati kwenye boliti."

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Ulinifundisha. Ningeziacha chini? Mzee wa watu angezikanyaga asubuhi na vile viatu vyake."

"Nilikufundisha ili ule kwa jasho lako. Hukufundishwa ili ukavue magari ya watu."

"Subiri kwanza." Tabasamu likaondoka. "Usiniletee mahubiri. Kazi hii ulinipa wewe."

"Nilikupa nini?"

"Kazi. Ulikaa hapo." Alinyoosha kidole kwenye kiti changu. "Ukauweka ule ufunguo mezani karibu na chupa ya sosi. Ukasema ni wa Monaro ya Kym Schirmer. Ukasema anailaza nje kwa sababu gereji imejaa makabati ya mama yake. Ukasema kamera yake imekufa tangu Krismasi na yeye ni mbahili hataki kununua nyingine. Ukasema mbwa wake ni kiziwi. Nani anamsimulia mtu kwamba mbwa ni kiziwi, Glyn?"

"Nilikuwa nakusimulia siku yangu."

"Wewe?" Alicheka kabisa. "Tangu nizaliwe hujawahi kunisimulia siku yako. Nikikuuliza umeshindaje, unaniambia 'vizuri'. Halafu jioni moja unanisimulia mbwa. Kisha unauweka ufunguo juu ya friji, mahali ninapofika, unaenda kulala. Nikasema moyoni, dada yangu amechoka kunilisha, na hawezi kunitamkia. Nikasubiri wiki tatu useme kitu. Hukusema. Nikaona basi, ndivyo ulivyotaka."

Niliyapitia maneno yake moja moja. Makabati, kamera, mbwa. Yote yalikuwa yangu. Kym aliyanieleza siku ile akisubiri gari lake, na mimi nilikuja nayo nyumbani pamoja na ufunguo, nikayaweka mezani kwa mpangilio mzuri mbele ya mtu niliyemjua.

Kwa nini niliongea sana jioni ile? Nadhani kwa sababu nilikuwa nimekosea na sikutaka kunyamaza nalo. Nilisema kila kitu isipokuwa kwamba nimekosea.

"Bishnu amefukuzwa kazi," nikasema.

"Bish yupi? Yule anayetuletea momo, zile sambusa za mvuke za kuku?"

"Huyo."

Errol alivuta kiti akakaa.

"Yule ni mtu mzuri."

"Ndiyo."

"Aliniletea godoro, nilipotoka. Hukujua hilo. Alilibeba kichwani kutoka kwao mpaka hapa, watu wanampigia honi." Akakuna shingo. "Sasa unafanya nini?"

"Kesho saa mbili nakwenda kwa Lindsay."

"Sema uliupoteza wewe. Basi. Ulidondoka, hujui wapi. Bish anarudi kazini, wewe unaandikiwa kakaratasi, mimi sipo kwenye hadithi."

"Nitasema kilichotokea."

"Kilichotokea chote?"

Nililirudisha kopo tupu juu ya friji.

"Nikirudi ndani safari hii, Glyn, si miezi tisa. Unajua."

"Najua. Ufunguo uko wapi?"

Alitoka akaenda kwenye pikapu. Nilimwona kupitia dirishani akifungua kisanduku cha majivu ya sigara. Alirudi, akakishika kiganja changu, akauweka ufunguo katikati yake, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Haya," alisema. "Umekabidhiwa mkononi. Weka alama."

*

Jumanne saa mbili na dakika tano asubuhi niliingia ofisini kwa Lindsay. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Nilikuwa nakutafuta," alisema. "Imekwisha. Nilikwenda kwa Bish jana jioni, nikanywa chai kwao, mama yake kanipa na biskuti. Watu wastaarabu sana. Hakupigana kabisa. Soma."

Ilikuwa karatasi moja iliyopigwa chapa. Mimi, Bishnu Khatiwada, nakiri kwamba nilipewa na msimamizi wangu ufunguo wa nati namba 4417 ili nimkabidhi mteja, na kwamba niliupoteza kwa uzembe wangu. Naacha kazi kwa hiari yangu. Chini kulikuwa na sahihi yake, herufi zimesimama wima kama za mtu anayejaza fomu ya serikali.

"Nilipewa na msimamizi wangu," nikasoma kwa sauti.

"Kasema mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika 'niliupoteza' tu. Akasema hapana, weka kwamba Didi alinipa, ili watu wasije wakasema yeye ndiye alisahau." Lindsay alinisogezea kalamu. "Kym ameridhika. Polisi hatuwaambii chochote. Kiapo chake hakiguswi, nimempa neno langu. Kilichobaki ni sahihi ya shahidi. Hapo."

Niliutoa ufunguo mfukoni nikauweka juu ya karatasi, juu ya neno 'msimamizi'.

Lindsay aliutazama. Hakuuliza ni nini. Mtu wa kazi yetu haulizi. Aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha akaisoma namba, akaitazama kadi, akaisoma tena.

"Umeutoa wapi?"

"Mfukoni mwangu. Sikumpa Bishnu. Niliweka alama kabla sijaukabidhi, nikaenda nao nyumbani, ukakaa kwangu wiki tatu. Kutoka kwangu—"

"Ishia hapo."

"Lindsay, kutoka kwangu uli—"

"Nimesema ishia hapo, Glynis." Hajawahi kuniita jina zima. Aliinuka akalifunga lile dirisha dogo la mapokezi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Kadi ngapi humu ndani zina alama yako?"

"Sijui idadi."

"Wewe hujui idadi. Basi nikuambie mimi: zote. Kila gari lenye nati za kufuli kuanzia hapa mpaka Gawler lina alama yako. Nikimwambia Kym kwamba alama yako ni ya uongo, kesho klabu nzima iko pale mlangoni inauliza funguo zao ziko wapi. Na kila atakayeibiwa gurudumu kuanzia leo atakuja kwangu. Unanielewa? Bish nikimpoteza, nimepoteza fundi. Wewe nikikupoteza, nafunga."

"Ameandika uongo akidhani ni kweli."

"Amelala vizuri. Mke wake kaniambia asante mlangoni. Unataka kwenda kumwamsha?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilisema ndiyo. Naliandika hilo kwa sababu lilitokea, si kwa sababu linanisafisha. Lilichelewa siku ishirini na tatu, na hata wakati nalisema nilikuwa nafikiria Errol anavyokuna shingo.

Lindsay alinitazama. Kisha akafanya kitu ambacho mkono wangu uliwahi kukifanya kabla yake. Aliutia ufunguo kwenye mfuko wa kifuani wa shati lake, akafunga kifungo.

"Sijaona ufunguo wowote," alisema. "Weka sahihi."

Nilisikia chuma kikigonga chuma nyuma yangu, nikageuka.

Mlango wa upande wa karakana ulikuwa wazi. Bishnu alikuwa amesimama kizingitini na shati safi lililopigwa pasi, kasha lake la vifaa mkononi. Alikuja kuchukua vitu vyake. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiutazama mfuko wa Lindsay.

"Bish," Lindsay alisema, "nipe dakika mbili, rafiki yangu. Subiri nje."

Bishnu hakusogea.

"Didi," alisema, "huo una namba gani?"

"Bish, nimesema nje."

"Nne, nne, moja, saba," nikasema.

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na moja. Bishnu aliliweka kasha la vifaa sakafuni, taratibu, kama mtu asiyetaka kuharibu kitu. Kisha akaufunga mlango, akiwa upande wa ndani.